Mistari Myekundu ya Bingwa

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, kila jambo huanza nalo kwa nguo. Alipotaka kuwa bondia alinunua kwanza lile joho la kung'aa la kuingilia ulingoni, akazunguka nalo mtaani mchana kutwa akisalimia watu kwa ngumi. Ulingoni hakuingia. Joho lile sasa ni pazia la choo chao. Alipotaka kufuga nyuki alianza na kofia yenye wavu, akaivaa hata sokoni. Nyuki hawakuja, nadhani walimsikia. Alipotaka kuwa mwimbaji alinunua miwani myeusi, akawa anajikwaa sebuleni kwake mwenyewe.

Kazi yake ya kweli ni kuendesha gari la kupeleka magodoro. Ni kazi halali na mtu anaweza kuifanya kwa heshima. Lakini godoro ni mzigo mwepesi wenye mwili mkubwa, upepo ukiupiga gari linayumba, kwa hiyo dereva wake hujifunza kwenda taratibu. Shemeji yangu amejifunza vizuri mno. Waendesha baiskeli humpita huku wakimuulizia hali ya nyumbani. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeamka siku moja akatangaza kwamba yeye ni dereva wa mashindano ya jangwani.

Akajiita Bingwa. Hakungoja kuitwa. Mtaa ukamwongezea kipande kilichopungua, wakamwita Bingwa wa Kesho, naye akalipokea jina lote kwa moyo mweupe, akidhani wanamtabiria mema.

Mashindano yenyewe yapo, hayo hakuyatunga. Ukitoka mjini kwetu ukapita machimbo ya kokoto, nchi inageuka mchanga mtupu, na mchanga ukiisha yanaanza majabali. Kila mwaka magari hukutana huko. Kwanza ni mbio za mchangani, halafu ni kupanda majabali, ambako gari hukwea kama mbuzi, tairi moja hewani na jingine shimoni. Sheria yao inataka kila gari liwe na watu wawili: dereva, na mwenzake wa kiti cha pembeni, anayesoma ramani na kushuka kuutazama mwamba kabla gari halijaupanda. Asipokuwepo wa pembeni, gari haliondoki.

Hapo ndipo mimi nilipoanza kukosa usingizi. Rafiki zake Bingwa, walewale wanaompigia makofi kijiweni, walipoombwa kukaa kiti hicho kila mmoja alikumbuka ugonjwa wake. Huyu mgongo, yule presha, mwingine akasema mama yake amemwota vibaya. Kiti kikabaki kitupu. Bingwa akamweka mke wake.

Mdogo wangu anasuka nywele na kupaka watu rangi za kucha katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Ana watoto wawili na mikono isiyotetemeka. Mama alipotutoka, yeye alikuwa bado wa kubebwa, nikambeba mimi. Nilimlea kwa uji na sala. Sikumlea ili aje afungwe mikanda ubavuni mwa mtu ambaye hawezi kurudisha gari nyuma bila kuligonga pipa langu la maji.

"Umekubali kweli?" nilimuuliza.

"Dada, nisipokaa mimi atakaa nani?"

"Asikae mtu. Kiti nacho kinaweza kupumzika."

"Ameshawaahidi watu."

"Alikuuliza?"

Akafikiri kidogo, huku akikunja taulo. "Aliniambia ovaroli yangu inashonwa."

Mwanamke ukishaolewa, dada yako hapaswi kukuingilia nyumba. Hivyo nilifundishwa na hivyo ninaamini. Lakini kuanzia siku ile, kila nikipiga magoti, ombi langu lilikuwa moja tu, nalo halikuwa refu: Mungu, mdogo wangu asikae kwenye kile kiti.

Gari lilikuwa uani kwangu, ndani ya banda la marehemu mume wangu. Marehemu alikuwa fundi wa magari, na vifaa vyake bado vinaning'inia ukutani kama alivyoviacha. Fundi aliyefanya naye kazi miaka mingi, mtu tunayemwita Kimya, ndiye aliyekubali kuliandaa gari la Bingwa. Alikubali kwa ajili ya marehemu, si kwa ajili ya Bingwa. Jina la Kimya alipewa kwa sababu ukimuuliza swali asubuhi, jibu utalisubiri na chai ya saa kumi.

Gari lilikuwa la wachimba visima, limekaa kwenye nyasi mpaka mijusi wakalihesabu kuwa nyumba yao. Kimya alilivua nguo. Milango ikatoka, vioo vikatoka, viti vya nyuma na zulia vikatoka. Akachomelea mabomba mazito ya chuma kuzunguka sehemu ya kukaa, likawa kama kizimba, ili gari likipinduka paa lisiwalalie waliomo. Chini ya tumbo akalifunga bamba nene, ili jabali likitaka kukwaruza likwaruze bamba, lisiguse injini wala gia boksi. Akaweka springi ndefu na shokomzoba mpya, matairi ya meno makubwa, koleo, dumu la maji, mbao za kuwekea chini ya tairi likizama mchangani. Kila kilichoingia ndani alikifunga kwa kamba na kukitikisa. Nilimuuliza kwa nini anafunga hata kikombe cha chai.

"Gari likipinduka, Mama, kikombe ni jiwe," akasema. Kwa wiki ile hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yake.

Na Bingwa je, alifanya nini? Bingwa alichagua rangi. Alibandika picha ya ndimi za moto pande zote mbili. Aliagiza taa za juu ya paa, safu nzima.

"Shemeji," nikamwambia, "si mbio ni za mchana?"

"Dada yangu, hizi taa si za kuonea. Ni za kuwatisha wenzangu."

"Watatishika na nini, jua likiwaka?"

Akacheka, akanipiga bega taratibu kama mtu anayembembeleza kuku. "Mambo haya ni ya kitaalamu kidogo."

Baada ya hapo akakaa kwenye kiti cha dereva, gari likiwa juu ya vigogo bila tairi hata moja, akashika usukani na kuanza kukata kona kwa mdomo. Jirani alichungulia ukutani akauliza kama kuna mgonjwa.

Sasa lazima nieleze desturi moja ya lile banda, maana mambo yote yaliharibikia hapo. Gari la mashindano lina nati nyingi kuliko nywele, na mtu hawezi kukumbuka ipi ameikaza na ipi bado. Kwa hiyo marehemu mume wangu alikuwa na utaratibu wake. Nati huingizwa kwanza kwa vidole tu. Baadaye hukazwa kwa spana ndefu, ile inayolia tik ikifika kipimo. Ikishalia, na hapo tu, fundi huchora mstari mwembamba wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho jirani nayo. Mstari ukionekana umenyooka, nati imekaa. Mstari ukivunjika, nati imezunguka, ikazwe tena. Na isiyo na mstari bado haijaguswa. Marehemu alisema mstari ule ni kiapo; hachori mtu ila aliyekaza kwa mkono wake. Niliwahi kumwona akimfukuza fundi kazi kwa mstari mmoja.

Rangi yenyewe ilikuwa rangi ya kucha, nyekundu, maana hukauka upesi na haitoki kwa mafuta. Zamani alichukua chupa yangu. Kimya alichukua za mdogo wangu, kutoka kwenye boksi lake la kazi, na mdogo wangu alizoea kumtania.

"Fundi, mteja wako leo kapaka kucha ngapi?"

Kimya huonyesha vidole, anarudi chini ya gari.

Kulikuwa na jambo jingine. Zile bolti zinazoshika springi na mikono ya magurudumu ya mbele, Kimya hakuzikaza. Aliziacha kwa vidole, kwa makusudi. Bolti hizo zina mpira ndani, na zikikazwa gari likiwa juu ya vigogo, likishuka chini mpira unajisokota na kuchanika. Kwa hiyo hungojwa gari lisimame kwa magurudumu yake, libebe uzito wake, ndipo zikazwe. Na nati za fimbo za usukani nazo aliziacha zingoje siku hiyohiyo, maana usukani hunyooshwa mwisho. Alimweleza Bingwa yote haya. Bingwa alikuwa anajitazama kwenye kioo cha pembeni kilichong'olewa.

Kimya akaenda mjini kufuata mipira ya breki. Siku hiyohiyo Bingwa akaletewa habari na wenye mashindano kwamba mpiga picha atapita kwa kila mshiriki kupiga picha za mabango. Hakuna neno ambalo lingeweza kumwingia mtu yule moyoni kuliko neno bango.

Niliingia bandani kuchukua kamba ya nguo. Nikaona miguu yake imetokeza chini ya gari, kavaa soksi za rangi mbili, naye anaimba. Nikainama. Bingwa kalala chali juu ya gunia, mkononi ana kile kibrashi kidogo cha rangi ya kucha, anapaka nati.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Namalizia urembo. Nimeona picha ya gari lililoshinda mwaka jana, dada. Nati zake zote zina mistari myekundu. Zote. Sisi Kimya katuchorea nusu. Mpiga picha akija ataona gari la kimasikini."

"Umechora zisizokazwa?"

"Nimechora zote. Na zake nimezinenepesha, maana zilikuwa nyembamba kama za mgonjwa."

"Mwanaume, mstari ule maana yake nati imekazwa."

"Basi si tutazikaza." Akatoka chini, tone la rangi kwenye pua. "Dada, wewe mcha Mungu, huna budi kuelewa. Imani kwanza, matendo baadaye."

Nimesoma Neno la Mungu tangu nikiwa msichana, na sijaliona kokote likitumiwa kufunga gurudumu. Kuna ujinga ambao ukiujibu unaukaribisha kiti.

Kimya aliporudi aliwasha tochi akaingia chini ya gari. Alikaa huko kitambo. Alipotoka aliweka tochi mezani, akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, ndipo akasema.

"Nani?"

"Mimi," akasema Bingwa, kama mtu anayengoja kupongezwa.

"Zangu ni zipi?"

"Zako na zangu zimekuwa kitu kimoja. Hatugawani, fundi, sisi ni timu."

"Itabidi nifungue zote. Nianze upya."

"Zote? Ukaguzi wa mashindano ni kesho kutwa. Wewe si unakumbuka ulizokaza? Kaza hizo nyingine."

Kimya akamtazama Bingwa kwa muda mrefu, si kwa hasira. Alimtazama kama unavyotazama mvua iliyokukuta umeanika mahindi.

"Hili gari sasa linasema uongo," akasema. "Mimi silali chini ya gari linalosema uongo." Akachukua kofia yake akaondoka.

"Mafundi wa siku hizi," Bingwa akaniambia, "wana maringo."

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na karai la nguo kiunoni. Alikuwa amesikia kila neno. Nilimtazama nikitumaini atasema kitu. Akaweka karai chini, akamsogelea mumewe, akamfuta lile tone la rangi puani kwa kidole gumba.

"Ovaroli yako iko tayari kwa fundi cherehani," akamwambia kwa upole. "Kaijaribu kesho asubuhi, mpiga picha asije akakukuta huna nguo."

Bingwa akang'aa uso. Nami, nakiri, nilimdharau mdogo wangu kidogo kwa muda ule mfupi. Nilidhani amekata tamaa na kuamua kufa kama mke mwema.

Asubuhi Bingwa alitoka kwenda kwa fundi cherehani, akipiga mluzi. Hajafika kona, mdogo wangu akaingia uani kwangu na mkoba wake wa kazi, ule wa saluni. Akatoa chupa kubwa ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, pamba pakiti nzima, na vitambaa.

"Dada, shika hapo," akasema. "Usivute hewa yake sana, inaumiza kichwa."

"Tunafanya nini?"

"Tunaufuta uongo wake. Nati isiyo na mstari haijakazwa, si ndiyo sheria ya shemeji marehemu? Basi nati zote ziwe hazijakazwa."

Nikaelewa. Hatukuwa na uwezo wa kujua mstari upi ni wa kweli, lakini tuliweza kuondoa yote. Tukaingia chini ya gari, sisi wanawake wawili, mimi na magoti yangu ya kubembeleza, tukafuta. Yeye alikuwa mwepesi; alifuta nati kama anavyofuta kucha za bibi harusi, mzungusho mmoja, pamba inatupwa. Mimi nilikwenda taratibu nikiwa naomba kimoyomoyo. Tulikuta mistari mahali ambapo hata mimi nilicheka. Alikuwa amechora kwenye kifuniko cha tangi la mafuta. Alikuwa amechora kwenye donge la kuchomelea, kitu kisichozunguka hata siku ya kiyama. Alikuwa amechora kwenye mjusi mkavu aliyenaswa katikati ya springi.

"Huyu naye kakazwa," mdogo wangu akasema.

Tulicheka hadi machozi, tumelala chali chini ya kile kichaka cha chuma. Kisha akaacha kucheka ghafla. Alikuwa ameshika nati moja kubwa ya mbele, akaizungusha kwa vidole viwili, vidole vyenye kucha zake nzuri, na nati ikazunguka kama kifuniko cha mafuta ya nywele.

"Hii nayo ilikuwa na mstari," akasema polepole.

Tulipomaliza, gari lilikuwa safi, na banda lote linanuka kama saluni siku ya sikukuu. Nikamtuma jirani amwite Kimya. Kimya akaja, akatazama chini ya gari, akatazama rundo la pamba nyekundu. Kisha akavua kofia mbele ya mdogo wangu, na kwa Kimya hilo ni kama hotuba ya Ijumaa na Jumapili kwa pamoja. Tukamsaidia kufunga magurudumu, akalishusha gari likasimama kwa uzito wake, akaanza upya. Akaanza nyuma. Spana ikawa inalia: tik. Mdogo wangu, aliyeketi kando na chupa, anachora mstari. Tik. Mstari.

Walikuwa hawajafika mbele Bingwa aliporudi. Mpiga picha alikuwa nyuma yake, kijana mwenye mikoba mingi. Bingwa alikuwa ndani ya ovaroli nyekundu, imembana tumboni, mgongoni imeandikwa BINGWA kwa herufi za kung'aa. Kofia ngumu alikuwa ameshaivaa, kwa hiyo alipoanza kupiga kelele sauti ilitokea mbali kama ya mtu aliye kisimani.

"Nani kalivua gari langu?"

"Mimi," akasema mdogo wangu. Hakusimama.

Akavua kofia. "Mke wangu, unajua huyu ni nani? Huyu ni wa mabango. Toka hapo, fundi, nipishe. Lete chupa nirudishe mistari ya mbele, picha ipigwe."

"Kaza kwanza," mdogo wangu akasema, akaificha chupa ndani ya mkono wake.

"Nini?"

"Spana ile pale. Ukikaza ikalia, nakupa chupa uchore. Mmoja mmoja."

Bingwa akamtazama mpiga picha, akatabasamu yale matabasamu ya wanaume wanaoona aibu. "Wanawake," akasema. Kijana hakucheka. Nadhani ana mama.

Basi akachukua ile spana ndefu. Kwanza aliishika kama rungu, kisha akapiga pozi nayo, kisha akainama kwenye gurudumu la mbele. Spana ile ina kiswichi kidogo kwenye shingo, cha kuchagua ikaze au ifungue. Mtu aliyekaa bandani kwangu msimu mzima angekuwa amekiona, na angejua kwamba pozi lake limekisukuma upande wa kufungua. Bingwa akavuta. Spana haikulia. Akavuta tena, akavuta tena, jasho likimtiririka kwenye ovaroli mpya.

"Imekaza sana," akasema akihema. "Mnaona? Ilikuwa imekaza tangu mwanzo."

Hapo nati ikadondoka. Ilianguka sakafuni, ikajiviringisha taratibu, ikaenda kusimama kwenye kiatu cha mpiga picha. Kijana akaiokota.

"Hii ni ya nini?"

"Usukani," akasema Kimya.

Kijana akaigeuzageuza kiganjani, akamtazama mdogo wangu, akatazama kiti cha pembeni na mikanda yake. "Na huyu mama ndiye angekaa hapa?"

Sasa sikilizeni jibu la Bingwa, maana baada ya hili hakuna lingine la kueleza juu yake. Mtu mwingine angenyamaza. Mtu mwingine angekaa chini akashika kichwa, tukamhurumia, na mimi ningekuwa wa kwanza kumpa maji. Yeye alinyoosha kola ya ovaroli yake.

"Ndiyo maana kuna mikanda," akasema.

Mdogo wangu akasimama, akafunga chupa ya rangi vizuri, akairudisha mkobani. Kwenye msumari wa ukutani palikuwa na ovaroli nyingine nyekundu, ndogo, mgongoni imeandikwa MKE WA BINGWA. Akaishusha, akaikunja kwa pande zake kama anavyokunja taulo za wateja, akaiweka juu ya kiti cha pembeni.

"Hiyo itakaa," akasema. "Mimi siendi."

"Unaniaibisha mbele ya watu."

"Ndiyo."

"Unaogopa."

"Ndiyo."

"Basi utafute mume mwingine wa kumwogopea."

"Chakula chako nimekifunika," akamjibu. "Kula kabla hakijapoa." Akaondoka kwenda kumsuka mteja aliyekuwa anamngoja.

Mimi nilimshukuru Mungu palepale, nimesimama katikati ya pamba nyekundu, wala sikuona haya.

Kimya aliimaliza kazi, maana hawezi kuacha kitu nusu, na gari likapita ukaguzi. Wakaguzi walilisifu. Bingwa alizipokea sifa zile kama zake. Siku ya mashindano alikwenda huko jangwani peke yake, akaliegesha penye mstari wa kuanzia, akawasha taa zote za juu kweupe. Alimwomba mtu huyu, akamwomba yule. Aliwaomba hata wapishi wa chai. Kila mtu alilisifu gari akarudi nyuma. Msimamizi akamwambia asogee pembeni, wenye watu wawili wapite. Walipita, wakamfunika vumbi. Alishinda pale mpaka jioni amesimama mbele ya zile ndimi za moto, akipigwa picha na watoto wa shule, mikono kaikunja kifuani.

Bango lilitoka. Yumo, pembeni, nusu uso.

Sasa ukimuuliza kijiweni atakwambia angeshinda. Atakueleza mwamba kwa mwamba jinsi ambavyo angepanda, mahali ambapo angepunguza upepo wa matairi, kona ambayo angewapita wote. Wale rafiki zake wa migongo mibovu wanatikisa vichwa kwa masikitiko. Kisha atashusha sauti na kusema, mwanamke ndiye aliyemwangusha. Juzi nimesikia amenunua buti ndefu za mpira na kofia pana. Sijauliza ni za nini. Yuko mtu mahali fulani ana bwawa la samaki, nami namwombea.

Gari lilirudi uani kwangu na halijaondoka tena. Mdogo wangu huja na karai lake asubuhi, tunaanika nguo kwenye yale mabomba ya Kimya, mashati ya watoto huku, mashuka kule, na ile ovaroli nyekundu yenye BINGWA mgongoni kwenye bomba la mbele, maana kumbe inafaa sana kwa kudekia sakafu. Mabomba yale hayatikisiki hata upepo ukivuma. Nguo zinakauka vizuri sana.